Maswali ya Wasomaji: Jiji Linalokujibu

SWALI: Dada, salaam. Nimemaliza hadithi yote ya gemu ya Grand Theft Auto V, nikaiacha, nikairudia. Rafiki yangu anasema tunachopenda ni fujo tu: kuiba magari, kupiga risasi, kukimbizana na polisi. Mimi naona kuna zaidi ya hapo, maana ninazo gemu nyingine za kupiga risasi na hunichosha siku ya pili. Hicho kinachonirudisha ni nini?
Mchezaji wa usiku

JIBU: Salaam, kaka. Swali lako limeshamjibu rafiki yako. Kama ni fujo, zile gemu nyingine zinazo tele, na bado umeziweka kando. Ambacho hazina ni jiji linalokujibu.

Tazama kinachotokea ukimtoa mtu kwenye gari lake. Mwenyewe anapiga kelele au anakuvamia. Mpita njia anatoa simu. Dereva wa nyuma anapagawa, anakata kona, anagonga nguzo. Askari aliyekuwa anapita na mambo yake anageuka. Hakuna mwandishi aliyelipanga tukio hilo. Kila mmoja wao amepewa kanuni zake chache, nawe kwa kitendo kimoja umezigusa zote. Baada ya muda unajikuta umejibanza chini ya daraja, gari limepinda, na una kisa ambacho hakuna mchezaji mwingine anacho. Hicho ndicho kinachokurudisha. Unarudi kuliuliza jiji swali jingine uone litajibu nini.

Mwanzo wa gemu hizi wenyewe unalionyesha hilo. Mwaka 1995 kampuni ya DMA Design ya mjini Dundee, Scotland, ilianza kutengeneza gemu iliyoitwa Race'n'Chase, ambamo ungeweza kuwa polisi au mhalifu. Haikuwa na ladha. Kisha ikatokea kasoro katika programu inayoendesha magari ya polisi: badala ya kukusimamisha, yakawa yanakuvaa mzimamzima, kana kwamba yanataka kupita katikati ya gari lako. Waliokuwa wakiijaribu wakaona kumbe raha iko hapo. Gemu ikatoka mwaka 1997 kwa jina la Grand Theft Auto, jiji likionekana kutoka juu, na mchezaji akiwa upande wa mhalifu. Kwa hiyo kilichoiokoa ni polisi. Mimi hulisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu watu wengi huangalia bunduki na kusahau ving'ora.

Uhalifu una kazi yake, sikatai. Unakupa ruhusa ya kugusa kila kitu. Katika gemu ya mbio, magari mengine ni vizuizi tu. Katika gemu ya uhalifu kila mlango wa gari unafunguka na kila uchochoro ni njia. Lakini ruhusa bila upinzani huchuja haraka sana. Weka chiti, yaani msimbo wa siri, ya kuondoa polisi, kisha uhesabu dakika kabla hujaanza kupiga miayo. Sheria ndiyo inayokipa kitendo uzito, na gemu ninazozipenda ni zile zilizolifikiria jambo hilo kwa makini.

Chukua Mafia ya mwaka 2002, iliyotengenezwa na Illusion Softworks ya Brno, Jamhuri ya Czech. Uko katika jiji la Lost Heaven, miaka ya 1930, na wewe ni Tommy Angelo, dereva wa teksi. Ukizidisha mwendo, polisi wanakupiga faini. Ukipita taa nyekundu mbele yao, vilevile. Kuna hata kitufe cha kuzuia gari lisivuke kasi inayoruhusiwa. Wengi walilalamika kuwa inachosha. Mimi naipenda hasa kwa hilo. Huwa naendesha nusu ya jiji nikisubiri taa ibadilike, magari mazito yanayopanda mlima kwa kujikokota, nikitazama madaraja na treni ya juu. Halafu inakuja misheni, yaani kazi unayopewa na gemu, ya kutoroka, na ghafla taa ile ile niliyoiheshimu asubuhi naipita kwa kasi, moyo unadunda. Huwezi kuusikia ule mdundo kama hukuwahi kusimama pale taa ikiwa nyekundu.

Sleeping Dogs ya mwaka 2012 imeliendea kwa njia nyingine. Wewe ni Wei Shen, askari aliyejipenyeza katika genge la Hong Kong, na ndani ya misheni moja unapimwa mara mbili. Alama za upolisi unaanza nazo zikiwa kamili, kisha zinakatwa unapomgonga mpita njia au kuharibu mali ya watu. Alama za genge unazichuma kwa kupigana kikatili. Kila kona unayokata unaamua wewe ni nani leo. Sijaona gemu nyingine iliyoingiza mgogoro wa mhusika ndani ya hesabu ya alama kwa ustadi kama huo.

Na kufukuzwa kwenyewe kunahitaji umbo. Katika Grand Theft Auto III, iliyotoka mwaka 2001, ungeweza kuingiza gari kwenye gereji ya rangi, likatoka na rangi mpya, na polisi wakakusahau. Sehemu ya nne, mwaka 2008, ikachora duara kwenye ramani: toka nje ya duara bila kuonekana na umepona. Ya tano ikakuonyesha hata upande ambao kila askari anatazama, nyota zinazoonyesha unavyosakwa zikimweka wakati hawakuoni. Hayo yanaonekana madogo, lakini yamebadilisha kukimbia kuwa kujificha. Unaacha gari, unaruka ukuta, unasimama nyuma ya pipa la taka ukiangalia ramani. Ukimya wa sekunde zile nauona bora kuliko milipuko yote iliyotangulia.

Nikuongezee lawama moja. Gemu unayoisifia, kaka, inakunyima uhuru pale unapouhitaji zaidi, yaani ndani ya misheni zenyewe. Zamani haikuwa hivyo. Katika Grand Theft Auto III kuna misheni ya kumvizia bosi Salvatore anapotoka klabu kwenda nyumbani. Gemu inakuambia umuue kabla hajafika, basi. Mimi huegesha lori kuziba njia yake. Mwingine humvizia kwa bunduki ya mbali, mwingine hutega bomu kwenye gari. Zote zinakubalika. Miaka ilivyosonga, misheni zimekuwa nzuri kwa macho na finyu kwa mikono: ukitoka hatua chache nje ya njia waliyokuchorea, maandishi yanakuambia umeshindwa. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ina ulimwengu wenye uhai kuliko karibu zote, lakini misheni zake zinakushika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Hapo jiji huacha kukujibu na kuanza kukuamrisha.

SWALI: Kila gemu mpya inajisifu kuwa na ramani kubwa kuliko ya mwisho. Mbona mimi nafurahia zaidi ndogo? Au ni uzee?
Mpenzi wa gemu za zamani

JIBU: Si uzee. Ukubwa tunaousikia tukicheza si ule unaopimwa kwa kilomita.

Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilikuwa na miji mitatu, milima na jangwa, na mashine ya PlayStation 2 iliyoiendesha ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Ulimwengu wote haukuweza kuingia humo kwa mara moja. Mashine ilisoma vipande kutoka kwenye diski kadiri ulivyokwenda, na kufuta ulivyoviacha nyuma. Ili usione mahali dunia inapoishia, mbali kukajazwa ukungu na vumbi la rangi ya machungwa, na barabara za mashambani zikapindishwapindishwa. Matokeo yake, safari ya kutoka mji wa Los Santos hadi ule wa San Fierro ilikuwa safari kweli. Mwaka 2021 likatoka toleo lililoboreshwa, mashine zikiwa na nguvu ya kuonyesha hadi upeo wa macho, na ukungu ukaondolewa. Lilipotoka, ukirusha ndege juu kidogo, miji yote uliiona pamoja, imebanana. Ramani haikubadilika. Kilichopotea ni umbali.

Kinyume chake ni mfululizo wa Yakuza wa kampuni ya Sega, ulioanza Japani mwaka 2005. Mtaa wake wa Kamurocho, uliochorwa kwa kufuata Kabukicho ya Tokyo, unauvuka kwa miguu muda mfupi tu. Lakini kila mlango una mtu mwenye shida, na mtaa ule ule unarudi gemu baada ya gemu, hata unajua duka lipi liko kona ipi bila ramani. Katika Yakuza 0, inayosimulia mwaka 1988, watu wanauana kwa ajili ya kiwanja kidogo kisicho na kitu. Aliyecheza za awali anakitazama kiwanja hicho na kujua kuwa hapo ndipo utasimama mnara wa Millennium Tower. Hisia ile huipati kwa kuongeza kilomita. Na angalia: Kiryu, mhusika mkuu, huwezi kumwamuru ampige mpita njia asiye na hatia. Gemu ya majambazi isiyokuruhusu kuonea watu, na bado inakushika usiku kucha.

L.A. Noire, gemu ya upelelezi ambayo ilijenga Los Angeles ya mwaka 1947 kwa uangalifu wa kustaajabisha, ni mfano wa upande wa pili. Nilizunguka barabara zile nikivutiwa na majengo, lakini nje ya kesi zenyewe jiji lilikuwa na machache ya kunipa. Pazuri, ila pakimya.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 ananiomba nimnunulie gemu hizi kwa sababu wenzake wanacheza. Nifanye nini?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Shikamoo mama. Usimnunulie. Ulaya, Grand Theft Auto V imewekewa alama ya umri ya PEGI 18, yaani miaka 18 na kuendelea, na Marekani alama ya M, yaani miaka 17 na kuendelea. Alama hizo zina sababu: kuna mateso, ngono na dawa za kulevya ndani yake, na yameandikwa kwa watu wazima. Mimi ninazipenda gemu hizi kwa dhati, na ndiyo maana nataka azikute akiwa na umri wa kuzielewa.

Lakini usimwache mikono mitupu. Ipo LEGO City Undercover, iliyotoka mwaka 2013. Ina jiji zima la kuzunguka, magari ya kuchukua, majambazi ya kufukuza, na yeye ndiye askari. Alama yake ni PEGI 7. Ikimshika, na nadhani itamshika, utaona mwenyewe kuwa alichokuwa anakitamani ni jiji, wala si damu.

SWALI: Sisi ni vijana watatu, tunatengeneza gemu yetu ya uhalifu kwa programu ya bure. Tuna mtaa mmoja tu na magari manne. Tuanze na nini ili isichoshe?
Watengenezaji wachanga

JIBU: Mmenifurahisha. Mtaa mmoja unatosha, msiongeze wa pili sasa. Anzeni na macho: nani ameona? Red Dead Redemption 2 imelifanya hili vizuri. Ukitenda kosa, shahidi anakimbia kwenda kuripoti, na una muda mfupi wa kumfikia na kumtisha anyamaze. Shahidi mmoja tu, na tayari mchezaji ana uamuzi mgumu mkononi. Nyinyi mnaweza kwenda mbali zaidi. Shahidi aliona nini, sura au gari? Kama ni gari, kulitelekeza kuwe na faida. Kama ni nguo, kubadilisha nguo kuwe na maana.

Kisha amueni mchezaji anapoteza nini akikamatwa. Grand Theft Auto III ilikunyang'anya silaha zako zote, na kwa sababu hiyo watu walikimbia kwa nguvu zao zote. Adhabu ikiwa nyepesi mno, hakuna atakayehangaika kutoroka. Ikiwa nzito mno, hakuna atakayethubutu kujaribu jambo. Hapa hakuna kanuni ya kuwapa, itabidi mjaribu na kurekebisha.

Magari manne ni mengi. Lakini yasitofautiane kwa kasi tu. Moja liwe zito linaloweza kusukuma vizuizi, jingine jembamba la kupita uchochoroni, la tatu lile ambalo polisi hawalitilii shaka. Hapo kila wizi unakuwa mpango.

Misheni ziandikeni mwisho, na kila moja itajeni kwa lengo tu: mtu fulani asifike mahali fulani. Msiseme vipi. Halafu mpeni padi ya kuchezea mtu ambaye hajawahi kuigusa gemu yenu, msimweleze chochote, mkae nyuma yake na daftari. Akifanya jambo ambalo hamkulitarajia, msilizibe haraka. Andikeni alichojaribu, kisha mtafute namna ya mtaa wenu kumjibu.