Barua kwa mwanangu: matendo kiasi gani yatatosha?

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Unauliza: ikiwa mtu huokolewa kwa imani wala si kwa matendo, kama ulivyofundishwa tangu Kipaimara, kwa nini Yakobo anasema kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake? Tena rafiki yako Mkatoliki amekuambia kwamba sisi Walutheri tumeikimbilia imani ili tupumzike na matendo. Lakini lililonigusa zaidi ni lile uliloliandika mwishoni, kwamba umeacha kwenda kwenye Meza ya Bwana kwa kuwa hujui utende mema kiasi gani ndipo yatoshe.

Nianze na Abrahamu, kwa maana Paulo na Yakobo wote wawili wanamtaja, tena kwa mstari uleule wa Mwanzo 15:6, kwamba alimwamini Mungu na jambo hilo likahesabiwa kwake kuwa haki. Katika Warumi 4 Paulo anauliza kama alihesabiwa hivyo akiwa amekwisha kutahiriwa au bado. Jibu liko katika miaka yenyewe: neno lile lilinenwa Abramu akiwa hajafikia umri wa miaka 86, kabla Ishmaeli hajazaliwa, naye alitahiriwa akiwa na miaka 99. Yakobo anakwenda mbele mpaka Mwanzo 22, Abrahamu alipomtoa mwanawe Isaka awe sadaka, ambako Isaka ni kijana awezaye kubeba kuni na baba yake amepita miaka 100. Basi aliyepanda mlima ule katika nchi ya Moria ni mtu ambaye Mungu alikwisha kumkubali miaka mingi nyuma. Hakupanda ili akubaliwe. Paulo anaeleza jinsi mwenye dhambi anavyopokelewa, na Yakobo anamhoji mtu anayedai kwamba amekwisha kupokelewa, lakini anamwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani akaote moto. Imani anayoikemea ni ile ambayo hata mashetani wanayo, nao hutetemeka.

Martin Luther, katika dibaji yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Ninamheshimu sana, lakini hapo naona alizidisha, kwa kuwa Paulo mwenyewe aliwaandikia Wagalatia juu ya imani itendayo kazi kwa upendo.

Rafiki yako mjibu kwa upole. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba Mungu hutukubali kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu yoyote, na kwamba Roho Mtakatifu hutufanya upya na kutuita tutende mema. Zipo tofauti zilizobaki, lakini katika hili hatugombani tena.

Sasa nije kwako. Waefeso 2:8 na 9 uliikariri ukiwa mdogo. Soma na wa 10, unaosema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu ili tutende matendo mema. Matendo yana mahali pake hapo, baada ya kuokolewa, na kwa hiyo swali la yatatosha lini halina jibu, kwa sababu Mungu hakukuuliza. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na siku hata moja ya kulipa alichoharibu, naye aliahidiwa paradiso siku ileile.

Jumapili nenda mezani, mwanangu. Na ada ya mtoto wa marehemu mjomba wako endelea kuilipa, kwa sababu mtoto yule anahitaji kusoma, wala usiiandike kwenye hesabu yoyote kati yako na Mungu.

Msalimie mume wako na wajukuu zangu.

Mimi mama yako