Kiinimacho cha dukani: nikinunue au nikiache?

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: kifaa fulani cha mazingaombwe kinafaa kununuliwa au la? Nimeziweka kando zote zilizotaja jina la kifaa na kuuliza tu "kikoje?" Nimeshasema na narudia: niambie unawafanyia akina nani, umesimama au umeketi, watu wako mbele tu au wamekuzunguka, na kama una meza. Bila hayo nitakuwa nakukatia nguo bila kukupima.

Nimeona video ya tangazo, karata inabadilika mkononi mwa jamaa kama maji. Ni kweli au wamechezea picha?

Huenda ni kweli. Uongo wa matangazo haya mara nyingi hauko kwenye picha, uko pale picha ilipokatwa. Zima sauti, uitazame tena, na kila inapokatwa weka alama kwenye karatasi. Utaona karata inaonyeshwa, inabadilika, kisha kabla jamaa hajamkabidhi mtu yeyote, picha inarukia uso wa binti aliyeziba mdomo kwa mshangao. Zile sekunde mbili zilizokatwa utabaki nazo wewe, mbele ya watu, umeshika kitu usichoweza kukionyesha, na mtu amekwisha nyoosha mkono anakitaka.

Angalia pia kamera iko wapi. Ikiwa haisogei hata kidogo, iko mbele tu na usawa wa kifua, basi kuna pembe inayofichwa. Hili nilijifunza kwa uchungu. Nilinunua kifaa cha kupoteza leso, nikakizoea mbele ya kioo hadi nikaridhika, nikaenda nacho kwenye sherehe ya watoto. Kioo kilikuwa usawa wa macho yangu. Watoto walikuwa wameketi chini. Msichana wa mstari wa mbele hakusema neno. Alinyoosha kidole kuelekea kiganja changu, na macho ya wenzake wote yakakifuata. Kifaa hakikuwa kibovu. Sikuwa nimeuliza kinaonekanaje kutoka chini, na tangazo halikuwa limeonyesha.

Tangazo la haki linaonyesha mchezo mzima angalau mara moja, tangu mikono mitupu hadi mikono mitupu, bila kukata, mbele ya watu. Wauzaji wa namna hiyo wapo. Wape pesa zako kwa moyo mweupe.

Naomba unitajie siri yake kwanza, ndipo niamue kununua.

Hapana. Siri ndiyo bidhaa yenyewe, na kuna mtu aliyekesha kuibuni. Swali hili lilikuwemo katika barua nne kati ya zilizonifikia, na sitalijibu tena.

Unachoweza kumuuliza muuzaji bila kumvunjia siri ni hiki: Vitu vinakaguliwa mwishoni, au ni lazima virudi mfukoni haraka? Kukiandaa upya kwa watazamaji wengine kunachukua muda gani? Kinahitaji koti au mikono mirefu? Kinatumia kitu kinachoisha na kulazimika kununuliwa tena? Mtu akisimama nyuma yangu ataona nini? Muuzaji akikwepa maswali haya, ondoka. Hilo la kuandaa upya ndilo watu hulisahau kuliko yote, na ndilo linalomtoa jasho anayezunguka kutoka meza hadi meza.

Nimenunua, nimesoma maelezo, kumbe siri yenyewe ni kipande cha karatasi na gundi. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ingawa nakuelewa. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwahi kutaja wale wacheza kiinimacho cha vikombe na vijiwe, akasema wanamfurahisha kwa kumdanganya, na kwamba akishajua wanavyofanya hamu humwishia. Hiyo ni takriban miaka 2,000 iliyopita. Uchungu ulio nao ni wa kila anayefungua pakiti akitarajia kukuta maajabu ndani yake.

Maajabu yako kichwani mwa anayetazama. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walichunguza mchezo wa mpira unaorushwa juu na kudakwa, ukarushwa tena na kudakwa, kisha mara ya tatu mkono unapanda lakini mpira unabaki kiganjani. Mchezaji alipoinua macho kana kwamba anaufuata mpira, karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona ukipanda na kutowekea hewani. Macho yake yalipobaki mkononi, walioona hivyo walikuwa karibu theluthi moja. Mkono ulifanya lile lile. Kilichobadilika ni macho ya mchezaji, na hakuna duka linalouza macho.

Mkumbuke pia Harry Houdini, mcheza mazingaombwe mashuhuri wa Marekani, aliyejigamba kuwa akionyeshwa mchezo mara tatu ataujua. Mwaka 1922, huko Chicago, Dai Vernon, kijana kutoka Kanada, alimchagulisha karata, akaiweka ya pili kutoka juu, na karata ikaonekana juu kabisa. Akarudia, akarudia tena, na zaidi ya mara tatu. Houdini hakuujua. Ukimsimulia mtu mchezo huo, sentensi moja inatosha: karata inawekwa chini ya mwenzake, inapanda juu.

Kipimo changu basi ni hiki. Kabla ya kununua, simulia kwa sentensi moja kile ambacho mtazamaji atamweleza mkewe au mumewe usiku huo. "Alichukua sarafu yangu ikapenya kwenye glasi." Hiyo ni sentensi. "Alinipa karata sita, nikachagua rundo, akahesabu, nikataja namba, halafu akafungua bahasha..." Hicho kiache dukani, hata siri yake iwe na akili namna gani. Na kama sentensi yako ni nzuri, karatasi na gundi zimekutosha.

Karata za kawaida au zile zilizotengenezwa maalumu?

Za kawaida, hadi uweze kuzichanga ukiongea na mtu huku unamtazama usoni.

Tangazo linasema "hakihitaji mazoezi". Kweli?

Huenda hakihitaji wepesi wa mikono. Mazoezi kinahitaji: kukitoa mfukoni bila kupapasa, kujua utasema nini kinapofanya kazi, kujua utakiweka wapi baadaye. Anayekuahidi kwamba utafungua pakiti na kuonyesha siku hiyo hiyo anakuuzia aibu.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka saba, anataka sanduku lenye michezo mia moja. Nimnunulie?

Marahaba. Ile mia huwa ni vifaa vichache vilivyohesabiwa mara nyingi, na vingine ni mafumbo tu ya hesabu yaliyojazwa kwenye kijitabu. Ukilifungua utakuta vikombe vya plastiki vyembamba hivi kwamba kipira kinaonekana kwa ndani vikipigwa na mwanga. Mtoto atajaribu, ndugu zake watamcheka, sanduku litaishia chini ya kitanda. Mpe pakiti moja ya karata nzuri zinazotosha viganja vyake, kamba laini, na mchezo mmoja unaomfundisha wewe mwenyewe, kisha uwe mtazamaji wake mwenye subira.

Hili hukuniuliza, ila lazima nilitaje. Masanduku mengine yana sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, jambo linaloweza kumfikisha kwenye upasuaji au kumuua. Kagua kila kipande kabla ya kumkabidhi, hasa kama ana mdogo wake nyumbani. Ukishuku amemeza, mpeleke hospitali papo hapo, usisubiri aumwe.

Kifaa kile kile nimekiona kwingine kwa nusu ya bei. Kuna ubaya gani?

Mara nyingi hicho cha nusu bei ni nakala, na aliyekibuni hapati chochote. Nakala nyingi huja na karatasi ya maelezo isiyoeleweka, wakati nusu ya unacholipia ni mafunzo. Sheria nayo haimlindi sana mbunifu: siri ya mchezo yenyewe haina hakimiliki. Mwaka 2014 mahakama moja ya Marekani ilimpa ushindi msanii Teller dhidi ya mtu aliyetaka kuuza mchezo unaofanana na wake wa ua na kivuli, lakini ni kwa sababu Teller alikuwa ameusajili tangu 1983 kama igizo lisilo na maneno. Wabunifu wengi hawana ulinzi huo. Ulinzi wao ni wewe unayenunua.

Vipi ule wa msumari uliofichwa chini ya kimojawapo cha vikombe, kisha vingine vinabamizwa kwa kiganja, na karatasi inayowaka ghafla?

Msumari: hapana, kwa bei yoyote. Mwaka 2016 mtangazaji wa televisheni nchini Poland alitobolewa kiganja, kipindi kikiwa hewani.

Karatasi hiyo ni nitroselulosi, huwaka yote mara moja. Haipandi ndege, haikai karibu na joto, na haifai mbele ya watoto au nguo nyepesi. Kama hujui inavyohifadhiwa, usiinunue.

Nina vifaa zaidi ya thelathini na bado nahisi sina cha kuonyesha. Ninunue kipi sasa?

Usinunue. Vimwage vyote kitandani, chagua vitatu ambavyo sentensi yake unaweza kuisema bila kusita, na vingine vifunge kwenye boksi. Kila kimoja mwonyeshe mtu mmoja mmoja, watu kumi tofauti, na kila baada ya mtu andika ni wapi alikutazama mkono wakati hukutaka. Ukifika wa kumi niandikie tena. Niambie walisema nini, si ulichofanya.