Maji ya mubirizi kuchacha: dada, tengeneza kidogo kidogo

Dada wa Birere, nimesoma ulichoandika, unakamua mubirizi (ile majani machungu ya dawa) ya wiki nzima juu ya mama yako mwenye ugonjwa wa sukari na siku ya tatu inatoa povu na harufu ya pombe. Hiyo imeshachacha, mwaga yote, usiichemshe tena ukisema itapona.

Shida inaanziaga ku maji. Hapa Goma na hii kolera, maji ya ziwa ama ya bidoni usitie hivi hivi, chemsha mpaka yatokote vizuri, acha yapoe, njo uoshee majani na ukamulie. Twanga, kamua na kitambaa safi, chuja mara mbili juu ile makapi ya kijani ikibaki chini njo inaharakisha kuoza. Chupa ya kioo uichemshe pia, ile ya plastiki ya soda hapana.

Ku frigo usipitishe siku mbili, na umeme ukikatika usiku mzima asubuhi mwaga tu, hata kama bado inanukia vizuri. Ukitaka ya wiki, gandisha vipande vidogo, unayeyusha kimoja kimoja, ila frigo ikizimika vikayeyuka usigandishe tena.

Sasa mama. Mubirizi inaweza kushusha sukari, na yeye anameza vidonge vya kushusha sukari, vyote pamoja vinaweza kumwangusha. Akitetemeka, akitoka jasho ya baridi ama akichanganyikiwa na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari halafu mkimbize hospitali. Tafazali simamisha kwanza hiyo mubirizi, uliza munganga wake.