Shangazi, siku moja Iringa na mtoto wa miaka minne itatosha?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Mafinga, nina mtoto mmoja wa kiume anatimiza miaka minne mwezi wa saba na nimeshamuahidi tutaenda Iringa kutembea, yaani kutembea kweli sio ile ya kwenda hospitali na kurudi. Siku niliyonayo ni Jumamosi tu maana Jumapili nafungua genge. Orodha yangu ni Isimila, Boma, Kalenga kwa Mkwawa, Gangilonga na ule mnara wa Lugalo. Gari hatuna, tutapanda kosta. Sasa mume wangu anasema mtoto wa umri huo haelewi kitu ni kuchoma nauli bure, afu mama mkwe kasema nisithubutu kumuonesha fuvu la mtu, ataweweseka usiku. Nishike lipi? – Mama J, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Hiyo orodha yako nimeisoma nikacheka maana mimi mwenyewe niliwahi kuandika kama hiyo, na jioni yake nilikuwa nimekaa pembeni ya barabara Ipogolo na mtoto kalala begani kiatu kimoja hakipo. Sehemu tano kwa usafiri wa kuungaunga haziwezekani. Chukua mbili, ya tatu iwe ya bahati.

Anza na Isimila kwa sababu iko njiani kwako. Iko barabara hii hii ya Mbeya, kama kilometa 20 kabla ya kufika Iringa, kwa hiyo ukipanda kosta ya saa moja asubuhi unamwambia konda mapema kabisa kwamba unashuka Isimila, na umkumbushe tena mkikaribia maana wale wakishaanza kupiga stori na dereva wanasahau dunia. Kutoka lami mpaka getini kuna kipande cha kuingia ndani, kama kuna bodaboda panda, kama hamna mtatembea, asubuhi sio mbaya. Usiende saa sita. Kule kwenye korongo kivuli ni cha kutafuta na duka la maji usilitegemee.

Mumeo anasema mtoto hataelewa. Ni kweli, ukimwambia zana za mawe za pale zimekadiriwa miaka laki mbili na elfu sitini ataona ni sawa na juzi. Ila muulize mwongoza wageni amwambie habari ya kiboko. Pale Isimila zamani palikuwa na ziwa, na kwenye mabaki waliyochimba wataalamu miaka ya 1957 na 1958 kuna ya kiboko ambaye sa hivi hayupo tena duniani, macho yake yalichomoza juu ya kichwa ili aone huku mwili wote uko majini. Mtoto wa miaka minne ukimwambia hivyo atatembea siku nzima kakodoa macho anakuigizia. Afu mkishuka kule chini kuna zile nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kupita nyumba, hapo hata huyo baba yake angenyamaza. Mshike mkono tu, kingo zinamomonyoka, na kama mvua imenyesha usiku ahirisheni kushuka, kunateleza. Lakini mwezi wa saba mvua hamna, shida yenu itakuwa baridi na upepo, na wewe wa Mafinga baridi hunidanganyi unaijua. Sweta la kuvaa na la akiba.

Kwenye saa tano rudini lami mdandie gari lolote linaloenda mjini. Hapa sikiliza vizuri: barabara kuu inapita chini Ipogolo, mji wenyewe uko juu kilimani, kwa hiyo uliza gari linaishia wapi, lisije likakupitiliza mpaka stendi kuu ya Igumbilo ukaanza tena kutafuta daladala ya kurudi juu na mtoto mwenye njaa.

Mkifika ni kula kwanza. Usimpeleke mtoto makumbusho na tumbo tupu, atakachokumbuka ni kulia. Mimi huwa nawapeleka watoto mgahawa wa Neema Crafts, bodaboda wengi wanapajua. Ni mradi wa kanisa la Anglikana Dayosisi ya Ruaha ulioanza 2003, wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, wahudumu wengine ni viziwi kwa hiyo unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mtoto hapo anafurahi kuliko chipsi zenyewe. Na muoneshe karatasi wanazotengeneza kwa mavi ya tembo, hiyo stori atamsimulia bibi yake wiki nzima. Mkishakula muache alale nusu saa mgongoni kwako au hata kwenye kiti, usiione ni kupoteza muda.

Saa nane hivi ingieni Boma. Jengo lenyewe ni la Wajerumani, la mwaka 1900, lilianza kama hospitali ya jeshi, sasa ndo makumbusho ya mkoa tangu 2016. Sio kubwa, na kwa mtoto hilo ndo zuri lake, mnamaliza kabla hajaanza kuvuta sketi. Kiingilio ulizia hapohapo na useme wewe ni Mtanzania, bei ya wazawa na ya wageni hazifanani.

Sasa Kalenga. Kutoka mjini ni kama kilometa 15 kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, na kwenda na kurudi bila gari lako ni mchana mzima umekwisha. Lugalo nako ni upande wa Morogoro, mnaupa mgongo mji mlioufuata, na mtoto wa miaka minne ukimpeleka kwenye mnara ukamwambia hapa tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia hapa, atakuuliza juisi iko wapi.

Habari ya fuvu mama mkwe wako ana nusu ya ukweli. Wa kwangu nilimpeleka Kalenga akiwa na miaka mitano. Nikamueleza kwa lugha nyepesi: huyu ni Mkwawa, alikuwa mtwa wetu yaani chifu wa Wahehe, alikataa kukamatwa akajipiga risasi mwaka 1898, Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka kwao, watu wakakidai, mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya vita ya kwanza ya dunia, ikaandikwa kirudishwe, na bado kilirudi 1954, gavana Mwingereza Twining akaja kumkabidhi Chifu Adam Sapi mjukuu wake. Mtoto akakaa kimya, akaniuliza, "Sasa mwili wake unajua kama kichwa kimerudi?" Nilikosa jibu bana. Maana kaburi la mwili liko Mlambalasi na fuvu liko Kalenga hadi leo. Usiku alilala kama gogo, kilichomtisha siku ile ni bata mzinga tuliyemkuta njiani.

Kwa hiyo kuweweseka mimi siogopi sana. Naogopa umpeleke akiwa amechoka, aone mfupa kwenye kioo, aambiwe haraka haraka ni kichwa cha mtu, mkimbilie kosta. Hiyo stori inataka nafasi na inataka mtoto mwenye maswali. Msubiri afike sita au saba. Na mama mkwe mwambie kashinda, hiyo nyumba itakuwa na amani mpaka Krismasi.

Ya bahati ni Gangilonga, kama saa tisa bado ana nguvu. Jina ni Kihehe, jiwe linaloongea, na mji wote unauona ukiwa juu. Pandeni mkiwa na wenzenu, sio wawili peke yenu, na mshuke jua likiwa bado lipo. Mwambie aweke sikio kwenye jiwe asikilize linasema nini. Saa kumi na moja muwe kwenye gari la kurudi.

La mwisho ni kutapika. Shukuru Mungu hampiti mlima Kitonga wenye kona zile, ila kosta ni kosta, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo beba kopo la siagi lenye mfuniko. Linafaa na kwa mkojo.

SWALI: Shangazi mimi niko Mbeya mjini, naweza kwenda Iringa na binti yangu wa miaka mitatu nikarudi siku hiyo hiyo? – Baba N

JIBU: Hapana baba. Ni kilometa zaidi ya 300 kwenda tu, mtoto ataiona Iringa kupitia dirishani. Kama siku ni moja mpeleke Kimondo cha Mbozi, upande wa Vwawa. Ni pande la chuma kwa sehemu kubwa, lililodondoka kutoka angani, urefu kama mita tatu, anaruhusiwa kukigusa na kikipigwa jua kinapata joto hivyo gusa kwanza wewe. Chakula bebeni kutoka nyumbani.