Kuona njia ya kurukia hakutoshi, hakikisha ni yenyewe

Pole, mdogo wangu. Umeandika kwamba wewe ni rubani mwanafunzi, ulikuwa unaelekea Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) ukajipanga kutua uwanja wa Arusha, mpaka mwalimu akakuzuia. Kosa hilo limewakuta hata wazoefu. Desemba 18, 2013, Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kwenda KIA ilitua Arusha, kwenye lami ya mita 1,600 hivi, wakati ya KIA ina mita 3,600.

Ukiangalia chati utaona mtego wenyewe: viwanja vyote viwili vina njia namba 09 na 27, yaani zimeelekea upande uleule. Dira itakuambia uko sawa, kumbe sivyo. Kinachoumbua kosa ni umbali. Kati yao ni kilomita 50 hivi, kwa hiyo hata kama anga ni safi, weka masafa ya redio ya KIA kwenye kifaa cha kupima umbali, kisha usome umbali uliobaki. Ukiona lami mbele yako huku kifaa kinasema bado zaidi ya maili 20, hiyo si KIA.

Mimi huwa simwambii mwongozaji wa ndege mnarani "nimeona uwanja" kabla ya kulinganisha umbali, urefu wa njia na majengo. Ukiwa na shaka, usitue. Ongeza nguvu, panda, uliza mnara. Hakuna atakayekucheka.

Mwombe mwalimu mrudie safari hiyohiyo pamoja kabla hujaruka peke yako. Na kama macho yako hayakuiona lami vizuri, mwone daktari wa marubani kwanza.