Kabla hujaelekeza jina lako kwenye seva ya mwenzio

Mfumo wa majina ya intaneti (DNS), unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, yaani kompyuta inayoitoa, hauombi ruhusa ya mtu. Kwenye rekodi ya A, yaani ile inayounganisha jina lako na anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni), unaweza kuandika anwani yoyote, iwe ya benki au ya mtu mwenye seva ndogo nyumbani kwake, na jina lako litaanza kupeleka watu huko. Mwenye seva haarifiwi. Kwa hiyo kubisha hodi ni wajibu wako.

Ukiomba, mtajie jina kamili, aina ya rekodi, wageni unaowatarajia kwa siku, na namba ya kupiga mambo yakiharibika. Yeye pia ana kazi ya kufanya. Seva ya wavuti husoma jina lililoombwa na kivinjari ndipo ichague tovuti ya kutoa. Kama jina lako halimo kwenye mipangilio, Apache, programu ya seva ya wavuti, hutoa tovuti iliyoorodheshwa kwanza, na mgeni wako hukuta biashara ya mtu mwingine. Kwenye HTTPS, njia salama ya kufungua tovuti, hata hapo hafiki: cheti kinachothibitisha jina la tovuti hakina jina lako, kivinjari kinamzuia kwa onyo.

Muulize pia kama ana jina la kuelekezea kwa CNAME, yaani rekodi inayoelekeza jina kwenye jina lingine badala ya IP. Akihamisha seva, rekodi yako ya A itaendelea kumpelekea mpangaji mpya wa anwani ile watu wasiomhusu, lakini CNAME hulifuata jina linakokwenda. Haiwekwi kwenye kikoa chenyewe (jina kuu, kama example.com), maana pale tayari pana SOA na NS, rekodi za lazima za kikoa, nayo haikai na rekodi nyingine. Iweke kwenye www au jina dogo lingine. MX, rekodi ya seva ya barua pepe, nayo isielekezwe kwenye CNAME, wala kwa seva ya barua ambayo haijakubali kupokea za kikoa chako, kwani itazikataa.

Anwani iliyogandishwa ndani ya kifaa humuumiza asiyehusika. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilifurikiwa na maombi ya ruta (vifaa vya kugawa intaneti) za Netgear, ambazo kiwandani ziliandikiwa IP ya seva yake ya saa. Ruta isipojibiwa iliuliza tena kila sekunde. Kama kiwanda kingetumia jina kilicholimiliki chenyewe, kingebadilisha rekodi moja na mafuriko yakahama.

Ndiyo maana ukishambuliwa kwa wingi wa maombi, usilihamishie jina lako kwenye IP ya mtu mwingine ili upumue. Ni kumtupia jirani moto. Ondoa rekodi, au tafuta huduma ya ulinzi iliyokubali kubeba mzigo huo.

Kuhama kunataka maandalizi. TTL, yaani sekunde ambazo jibu la rekodi huhifadhiwa, ikiwa 86400, ishushe hadi 300 angalau siku nzima kabla. Ukiishusha saa ya kuhama umechelewa, kwa sababu seva za kutafutia majina zinaweza kushikilia jibu la zamani kwa saa 24.

Na ukiacha huduma, futa rekodi kwanza, kisha ufunge akaunti. Wengi hufanya kinyume, na hapa ndipo tunapowasihi zaidi. CNAME inayoelekea kwenye jina lililoachwa inaweza kudakwa na anayelisajili upya kwa mtoa huduma yule. Ataweka ukurasa wake chini ya jina lako, hata kupata cheti halali.

Kwa kujifunza, andika example.com na anwani za 192.0.2.0/24, yaani 192.0.2.0 hadi 192.0.2.255. Zimetengwa kwa mifano, hazina mtu wa kusumbua.