Bakteria wanawasiliana ama zinawasiliana?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisumu anayesomea mambo ya vijidudu chuoni. Anasema: "Mwalimu, habari yako. Naandika maelezo ya projekti yangu kwa Kiswahili, nasoma vile bakteria huishi kwa makundi na kufanya kazi pamoja. Mimi niliandika 'bakteria wanawasiliana', mwenzangu akanirekebisha ati ni 'zinawasiliana', halafu yeye mwenyewe akaandika 'jamii ya bakteria wanatoa mwanga'. Nani yuko sawa? Na ile hali ya bakteria kungoja mpaka wawe wengi ndo waanze kazi, niiite aje?"

Dada, andika wanawasiliana. Ngeli ya A-WA haijali jina linaanza na nini, ndo maana tunasema kifaru anakuja, kipepeo ametua, ng'ombe wanakunywa. Najua mtaani, kuanzia Kondele mpaka Nakuru, utasikia "ng'ombe zinakunywa" na hakuna mtu atakosa kukuelewa, lakini kwa maandishi ya sayansi shikilia wa-. Mtu atakuuliza, kwani mti si uko hai, mbona husemi "miti wanakua"? Swali zuri, na jibu ni kwamba uhai peke yake hautoshi, A-WA huwa tunawapa watu, wanyama na wadudu, yaani wale tunaowaona wakienda na wakitenda, na bakteria wameingia hapo kupitia mlango wa wadudu kwa sababu tuliwazoea kama vijidudu. Mimi naona wamestahili kabisa, wengi wana mikia ya kuogelea na wanatoa kemikali ambayo wenzao wanaiitikia. Virusi ni hadithi ingine, ile vi- ya mwanzo imewavuta watu waseme "virusi vinaenea", na vile wanasayansi wenyewe bado wanabishana kama virusi viko hai, hapo usijisumbue.

Sasa kwa "jamii ya bakteria wanatoa" mwenzako ameteleza, kitenzi kinafuata neno kuu, so jamii inatoa, kundi linatoa, koloni inatoa. Lakini hapa nataka ukae kidogo manake si sarufi tu, maana yenyewe inabadilika. Chukua ngisi mdogo wa Hawaii anayebeba bakteria wanaoitwa Aliivibrio fischeri kwa kiungo maalum upande wa tumboni, usiku mwanga wao unamulika chini ndo adui aliye chini yake asione kivuli chake kikikinga mwanga wa mwezi. Bakteria huyo akiwa peke yake baharini ni kama hawaki kabisa. Kila mmoja anatoa molekuli ndogo, wakiwa wachache inapotelea majini, wakibanana ndani ya ngisi inakolea, inarudi ndani ya seli na kuwasha jeni za mwanga. Mambo haya ya kujiwasha wanasayansi Nealson, Platt na Hastings waliyaeleza mwaka wa 1970. Basi ukisema "kundi linatoa mwanga" umeficha kwamba kila mmoja anawaka, na ukisema tu "bakteria wanatoa mwanga" umeficha sharti la wingi. Kiswahili kina dawa yake, ile -kisha-: "Bakteria hawa wakishakuwa wengi, kila mmoja huwaka." Hiyo -kisha- inasema kuna kiwango lazima kifikiwe kwanza, kitu ambacho "wanapokuwa wengi" haisemi kwa nguvu hiyo, na mimi nakuomba uitumie bila woga katika projekti yote.

Jina la hali yenyewe: wanasayansi Fuqua, Winans na Greenberg mwaka wa 1994 waliazima neno la mikutano, quorum, na neno hilo kwetu lipo, ni akidi, yaani idadi ya watu lazima ifike ndo mkutano uanze. Mtu wa chama anajua bila akidi mwenyekiti hafungui mkutano hata kama chai ishaiva. Kwa hivyo sema kuhisi akidi. Usiandike kuhesabu akidi, bakteria hahesabu mtu, anachohisi ni kemikali imekolea kiasi gani, na maabara zimeonyesha ukimfungia bakteria mmoja kwa nafasi ndogo sana, kemikali yake mwenyewe inaweza kukolea akaitikia kana kwamba wako wengi. Kwa sababu hiyohiyo "wanapiga kura" na "wanakubaliana" niachie, hayo ni ya watu. Wanawasiliana, wanahisi, wanaitikia, haya yanatosha.

Tena usidhani akidi ikifika ndo shambulio linaanza kwa kila bakteria. Yule wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni kinyume: wakiwa wachache hushikilia utumbo na kutoa sumu, wakishakuwa wengi wanaacha hiyo kazi, wanabanduka na kutoka na kinyesi wakatafute mtu mwingine. Ukikosea wakiwa na wakishakuwa hapo umegeuza ugonjwa wote.

Halafu utakutana na ule utelezi unaoupata ukipitisha kidole ndani ya jerikeni ya maji iliyokaa siku nyingi bila kusuguliwa. Huo uite utando wa bakteria. Utando umeshika, lakini bakteria walio ndani yake wamejificha, na ndo maana dawa huwa zinapata shida kuwamaliza humo.

Na vile uko Kisumu, kuna kitu kingine lazima utakiandika. Ule ukijani mzito unaofunika maji ya ghuba ya Winam, hapo Ziwa Victoria, tumezoea kuuita mwani, na kumbe sehemu kubwa yake ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, kina Microcystis, wanaoishi kwa koloni zilizofunikwa na ute. Ukienda ufuo wa Dunga na useme "mwani umejaa Dunga" uko sawa, ukisema "sianobakteria wamejaa Dunga" pia uko sawa, kitu ni kile kile. Ila chagua jina moja kabla uanze sentensi, manake "mwani wamejaa" nimeshaiona mara nyingi na haiwezi kukubalika.